Upinde mpya wa mkole unapiga kelele sana ukiachia mshale, nifanyeje?

MwanaChemba

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya upinde, nazungumzia huu wa asili wa mti na kamba sio zile za mashine zenye kapi.

Nimetengenezewa upinde mpya na mzee mmoja fundi huku upande wa Farkwa, mti ni mkole, urefu kama mita moja na nusu hivi, kamba ya nailoni ya kusokota. Kwenye kuvuta hauna shida kabisa, nimeutundika kwenye mizani ya bucha nikavuta mpaka pale kamba inapogusa kidevu changu ikasoma kilo 20. Shida ni kelele. Ukiachia tu unasikia twaaaa alafu mkono ulioshika upinde unabaki unatetemeka mpaka kwenye kiwiko. Mbuzi wako zizini kule mbali lakini kila nikipiga wanainua vichwa wote kwa pamoja, sasa kama mbuzi aliyezoea kelele za watu anashtuka hivyo kanga wa porini atafanyaje?

Mishale ni ya matete, ncha ni msumari uliofuliwa, manyoya ya kanga matatu matatu. Kwa sasa napiga shabaha tu kwenye gunia la makapi ya alizeti nyuma ya nyumba, lakini kiangazi kikikolea nataka nifuatilie leseni niwinde kanga na kwale kihalali, na sitaki kuingia porini na upinde unaojitangaza. Wengine wananiambia funga manyoya ya kondoo kwenye kamba, wengine wanasema upinde wa mti ndivyo ulivyo vumilia tu. Ukweli ni upi hapo?

KwaleWaKongwa

Mbona hiyo rahisi mkuu wala usiumize kichwa. Tafuta ngozi ya kondoo yenye sufu, kata vipande viwili virefu kama kidole, zungushia kwenye kamba kimoja juu kimoja chini, kelele kwisha. Kama kondoo hakuna chukua tyubu ya baiskeli uichane nyuzi nyuzi nyembamba kuliko mpira wa manati, zipitishe katikati ya kamba ufunge fundo ziwe zinachanua pande zote. Huku kwetu ndio tunafanya hivyo miaka yote.

BabaPodo

Kwale ushauri wako mzuri ila umeanzia mwisho. Ukifunga manyoya kwenye upinde ambao haujakaa sawa ni kama kumeza dawa ya maumivu wakati malaria iko palepale.

Mwana Chemba sikiliza. Ukivuta upinde unaweka nguvu ndani ya mti, ukiachia ile nguvu inatakiwa iondoke na mshale. Ile ambayo mshale umeshindwa kuondoka nayo inabaki kwenye mti na kwenye kamba, haina pa kwenda, ndio inakuwa mtetemo na mlio. Kwa hiyo hiyo twaaa unayoisikia na huo mtetemo wa kwenye kiwiko ni kitu kimoja, na yote ni nguvu uliyoitolea jasho ikapotea hewani. Ndio maana mimi nasema usianze kuuliza nifunge nini kwenye kamba, uliza kwanza kwa nini mshale wangu unaacha nguvu nyuma.

Na kelele sio jambo dogo maana mnyama anaisikia kabla mshale haujafika, hapo hakuna ujanja. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, mshale wa upinde wa mti wenye kilo zako hizo ukienda mita 45 kwa sekunde umejitahidi sana. Chukulia kanga yuko mita 20, mlio unamfikia ndani ya sehemu sita za mia za sekunde, mshale unafika sekunde karibu nusu. Muda wote huo uliobaki ni wake wa kuruka au kuinama, na kanga hahitaji hata nusu ya huo. Digidigi ndio usiseme.

Naomba unijibu haya kabla hatujaendelea. Mshale wako mmoja una gramu ngapi, pima kwenye ile mizani ndogo ya wanunuzi wa dhahabu, mizani ya bucha haitakuambia kitu. Upinde ukiwa umeshafungwa kamba, kutoka kwenye mshiko mpaka kwenye kamba ni sentimita ngapi. Na ule mkato wa nyuma ya mshale unaoingia kwenye kamba unabana au unacheza?

MwanaChemba

Asante sana mzee wangu, nimepima leo. Mishale mingi inacheza kwenye gramu 18 na 19, upo mmoja una 15. Kutoka mshiko mpaka kamba sentimita 11. Mkato unacheza, yani nikiuweka mshale kwenye kamba nikainamisha upinde unaanguka wenyewe inabidi niubane na vidole muda wote.

Na kitu kingine nimekiona baada ya kukagua, pale pembeni ya mshiko mshale unapopita kuna mchubuko mweupe kwenye mti, kama kuna kitu kinaparua kila nikipiga.

BabaPodo

Basi tumeshapata wachawi wote, tena wanasaidiana.

Naanza na mkato kwa sababu huo ni hatari kuliko kelele yenyewe. Mkato ukicheza kuna siku mshale utachomoka kwenye kamba nusu ya safari na kamba itarudi tupu, nguvu yote inarudi kwenye mti, upinde wa mti unaweza kupasuka mkononi siku hiyo hiyo. Ndio maana wazee wanakataza kuvuta upinde mtupu ukauachia, na ukimpa mtoto au mgeni aushike hilo ndio neno la kwanza kumwambia. Dawa yake chukua uzi wa pamba mgumu, zungushia pale katikati ya kamba, duara zikae zimegusana, urefu kama vidole vinne, mpaka unene ujaze ule mkato. Jaribu hivi: weka mshale kwenye kamba, upinde uulaze mshale uwe unaning'inia kuelekea chini. Unatakiwa ukae hapo wenyewe, ukiigonga kamba kwa kidole kidogo tu mshale udondoke. Ukigoma kudondoka umebana mno, nao huo una mlio wake wa kukwanyuka na unapunguza mwendo.

Ukishamaliza kuzungushia funga na kivimbe kidogo cha uzi pale unapotaka mshale ukae, juu kidogo ya pale mshale unapofanya pembe mraba na kamba, kama nusu sentimita hadi moja. Usipoweka alama hiyo kila mshale utaukalisha mahali pake na utahangaika kutafuta kelele ambayo leo ipo kesho haipo.

Sasa uzito. Kipimo ninachotumia mimi, na kinakubaliana na kile cha wazungu wa pinde za kuwindia ukikibadilisha kutoka kwenye pauni zao, ni gramu moja na robo mpaka moja na nusu ya mshale kwa kila kilo ya kuvuta. Upinde wako kilo 20, kwa hiyo unataka mshale wa gramu 25 mpaka 30. Wewe unapiga 18, huo wa 15 uutoe kabisa kwenye podo usiupige tena. Mshale mwepesi unatoka mbio kweli na watu wanaupenda kwa hilo, lakini unatoka umeacha mzigo nyuma, na huo mzigo ndio twaaa yako. Mzito unatoka taratibu kidogo ila unaondoka na nguvu, upinde unabaki umetulia, na ukifika unazama vizuri.

Namna ya kuongeza: kama ncha zako ni msumari wa inchi 3 ukibadilisha ukaweka wa inchi 4 unapata kama gramu 6 za ziada, maana wa inchi 4 wa kawaida una gramu 12 hivi na wa inchi 3 una nusu yake. Lakini hapo angalia, ukiweka uzito mbele tete linapinda zaidi wakati wa kuondoka, na hilo tete lako tayari naona linapinda, huo mchubuko pembeni ya mshiko ndio ushahidi. Mshale unapoachiwa haunyooki, unajipinda ukizunguka mshiko ndipo unyooke mbele. Ukiwa laini mno au mgumu mno kwa upinde wako mgongo wake unaugonga mti, tak, na hiyo ni kelele ya tatu inajificha ndani ya ile kubwa hata huitambui. Kwa hiyo mimi ningeachana na matete nikachonga mishale ya mkole mwembamba, fito zilizonyooka za unene wa milimita 7 hivi, menya ganda, zifunge pamoja zikauke kivulini, alafu nyoosha kwenye moto wa makaa. Fito ya namna hiyo mara nyingi inavuka gramu 20 kabla hujaweka hata chuma. Hadzabe wa kule Yaeda na Ziwa Eyasi mishale yao ni mirefu na mizito na wao hawana mzaha na kazi hii, wanaishi kwayo.

Umbali wa kamba nitakuja kuueleza baadae kidogo, naitwa.

MtaaWaNkuhungu

Naomba nichangie wakati mzee hayupo. Mimi yangu ni ya Marekani ile ya kufungua vipande vitatu yenye ncha zilizojikunja kwenda mbele, pauni 45, kaka yangu alinitumia. Nayo ilikuwa inalia vibaya sana lakini chanzo chake ni tofauti na cha mwenzetu wa Chemba, hivyo mwenye upinde kama wangu asome hapa. Hizi zenye ncha za kujikunja kamba inalala juu ya ubao kwa sentimita kadhaa pale kwenye mkunjo, ukiachia mshale kamba inarudi inachapa ubao, unasikia pa! kama kofi. Nikabandika kitambaa laini chembamba pale kamba inapogusia, ule upande laini wa zile kanda za kubania viatu vya watoto, unakata kipande chembamba una gundi yake tayari nyuma. Kofi likaisha palepale.

Pia kwenye kale karafu mshale unapokaa weka kipande cha ngozi laini au manyoya mafupi, chini na pembeni. Mshale ukipita kwenye mti mkavu unasugua unasikika hata wakati wa KUVUTA, kabla hata hujaachia, na huo mkwaruzo mnyama anausikia vizuri sana. Upinde wa asili kama wa mwenzetu hauna karafu lakini hata pale juu ya mkono wako unaweza kuzungushia ngozi.

BabaPodo

Nkuhungu umenena, hilo la mkwaruzo wa kuvuta watu wengi wanalisahau.

Haya, umbali wa kamba. Sentimita 11 kwa upinde wa mita moja na nusu ni karibu mno. Kamba ikikaa karibu na mshiko mshale unasafiri nayo muda mrefu kabla ya kuachana, na pale wanapoachana kamba inakuwa imeshafika karibu na mkono wako, bila shaka huwa inakuchapa kwenye kifundo. Ukiiweka mbali zaidi inasimama mapema na mlio unabadilika, kutoka twaaa unakuwa kama tup. Kipimo cha kuanzia cha kale ni ngumi moja na dole gumba umelinyoosha juu, hiyo ni kama sentimita 17 au 18, lakini kipimo hicho ni cha pinde ndefu kuliko huu wako. Kwa huu anzia 14, ukifika 16 simama. Ukizidisha mti unakaa umepinda sana muda wote unachoka unabaki na kibyongo na kilo zinapungua.

Unaongeza kwa kusokota kamba. Ondoa kamba upande mmoja, isokote kufuata mwelekeo wake ule ule mara tatu nne, rudisha, pima, piga mishale kadhaa usikilize. Tena sokota, piga, sikiliza. Kuna mahali utafika utashangaa mwenyewe, mkono hautetemeki na mlio umeshuka, ukipita hapo kidogo unapanda tena. Rudi pale. Kata kijiti urefu ule ule ukiweke kwenye podo, kila asubuhi kabla hujapiga unapima na kijiti, hutahitaji tepu.

Kusikiliza usitegemee masikio yako peke yako, wewe umesimama nyuma ya upinde. Weka simu irekodi karibu na gunia lako la shabaha, pembeni nyuma ya tofali au gogo ili isipigwe, mtu asisimame huko hata kama ni rafiki anaejiamini. Kisha linganisha rekodi ya kabla na ya baada kwa sauti ile ile ya simu, pale ndio utasikia anachosikia kanga. Piga jioni upepo ukitulia maana upepo wa Dodoma unauharibu kabisa mchezo huu.

Kitu kingine, kabla hujachoka na mimi. Angalia kama pande mbili za upinde zinapinda sawa. Upige msumari ukutani uutundike kwa mshiko, vuta kamba polepole kwenda chini, mwenzako aangalie akiwa mbele. Ukiona upande mmoja unapinda sana na mwingine umekaza, pande hizo hazifiki nyumbani kwa pamoja na huo mtetemo hakuna manyoya yatakayouondoa. Hapo mrudishie mzee wa Farkwa akwangue kidogo ule upande mgumu kwa kisu au kipande cha chupa, wewe usiuguse, akikwangua yeye anajua nyuzi za mti zimelalaje.

DadaWaNgozi

Shikamoo BabaPodo, na wengine habari zenu. Mimi nashona vitu vya ngozi hapa mjini na kamba za upinde nasokota pia, napenda kupiga shabaha. Naona hakuna aliyeigusa kamba yenyewe wakati jamaa kasema ni nailoni.

Kaka, nailoni inavutika. Leo utaiweka sentimita 15, ukipiga mchana jua la saa saba umeshaenda 13 na kelele imerudi na utadhani ushauri wa mzee haufanyi kazi. Tafuta uzi wa polyesta, hata zile kamba za Dakroni wanazotumia wenye pinde za kisasa ni polyesta hiyo hiyo. Uzi mzuri wa kushonea viatu mara nyingi ni huo, muulize muuzaji au soma kwenye kibox chake. Kujua uweke nyuzi ngapi, ning'iniza uzi mmoja uongeze mzigo taratibu mpaka ukatike uone ni kilo ngapi, kamba nzima inatakiwa ihimili angalau mara nne ya kilo za upinde. Wewe una 20 kwa hiyo kamba ivuke 80. Tuseme uzi wako unakatika kwenye kilo 8, nyuzi 12 zinakupa 96, inatosha. Usiweke nyuzi 20 kwa woga, kamba nene nzito inapunguza mwendo wa mshale na inavuma kwa sauti nzito.

Gawanya mafungu mawili ya sita sita, kila fungu unalisokota kwenda kulia na yote mawili unayapitisha juu ya mwenzake kwenda kushoto, hiyo haifumuki. Alafu NTA YA NYUKI. Tuko katikati ya nchi ya asali jamani, Manyoni, Kondoa, Singida yote, nta ni kitu cha kuokota. Pakaza kamba nzima kisha sugua haraka haraka kwa kipande cha ngozi mpaka usikie joto kwenye vidole, nta inayeyuka inaingia ndani nyuzi zinashikamana zinakuwa kitu kimoja. Kamba kavu yenye nyuzi zilizoachana inalia kila uzi kivyake. Ukiipitisha kamba kwenye vidole ukahisi vinyweleo vimesimama ujue muda wa kupaka tena umefika.

Zile kamba mpya za kisasa zisizovutika hata kidogo usizitie kwenye upinde wa mti mtupu hata ukipewa bure, zinakula zile ncha pale kamba inapokaa na kishindo chote kinaishia kwenye mti.

Baada ya hayo yote ndio sasa umgeukie KwaleWaKongwa na manyoya yake, na hapo nakubaliana nae kabisa kwamba yanafanya kazi. Ila mahali pa kufunga. Usifunge katikati wala karibu na mkono, uzito wa katikati ya kamba unaupunguza mwendo wa mshale kuliko uzito wa karibu na ncha. Pima urefu wa kamba, cha juu weka robo kutoka ncha ya juu, cha chini weka theluthi kutoka ncha ya chini. Umbali usifanane, ukifanana kamba inapata namna yake ya kucheza inaendelea kuvuma. Sufu ya kondoo ni nyepesi na nzuri sana kiangazi, lakini ikinyeshewa inakunywa maji inakuwa nzito mishale inaanza kushuka, kwa hiyo masika tumia tyubu. Tyubu nayo ikikaa juani inakauka inakatika, badilisha.

Mtemi55

Mnamzungusha bure kijana wa watu. Apake sumu kwenye ncha tu, hata kanga au swala akishtuka ukimgusa kidogo mguuni anaanguka hapo mbele. Kelele haina maana.

BabaPodo

Mtemi hapana, na nakuomba usimpeleke kijana huko. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 imekataza kuwinda kwa sumu na kwa silaha yenye sumu, na kuwinda bila leseni ni kosa. Kijana amekuja anasema wazi anataka leseni, tumsaidie abaki kwenye njia hiyo. Tena hao kanga kijana anataka kuwala yeye na watoto wake, sasa awalishe sumu?

Mwana Chemba, ukienda kwa afisa wanyamapori wa wilaya sema bayana kwamba unataka kutumia upinde, usitaje kuwinda tu ukadhani silaha yoyote inaingia humo. Uliza leseni inaruhusu silaha gani, ndege gani na wangapi, eneo gani na msimu unafungwa lini. Na upande wako huko una Swagaswaga karibu, ukiwa Kondoa una Mkungunero, yote ni mapori ya akiba yana mipaka yake, jua mpaka unapita wapi kabla hujamfuata ndege.

Na hata mshale ukiwa kimya namna gani, ukiona hujiamini na umbali usiachie. Kwa upinde wa kilo 20 mita 15 zinatosha, mnyama aliyejeruhiwa akaenda kufia vichakani ni jambo baya sana.

MwanaChemba

Wakuu nimerudi na mrejesho, na mzee shikamoo tena.

Katikati ya kamba nimezungushia uzi, mshale sasa unakaa wenyewe na ukigonga kamba unadondoka kama ulivyosema. Kamba mpya ya polyesta nimesokota na nta nimepata kwa mama mmoja anaeuza asali sokoni, fungu lote elfu mbili. Umbali nimepandisha kidogo kidogo, ilipofika kama 15 na nusu ile twaaa ikawa tup kweli na kiwiko hakitetemeki, nikapitisha ikarudi, nikashusha nikakata kijiti. Mishale ya mkole iko inakauka lakini kwa sasa nimebadilisha misumari kwenye matete yale manene zaidi nimefika gramu 25 na mchubuko pembeni ya mshiko hauongezeki. Rekodi za simu zimenishangaza, ile ya kwanza mlio unazidi hata mshale unavyopiga gunia, ya sasa unasikia gunia tu. Manyoya ya kondoo bado sijaweka hata.

Kimebaki kitu kimoja. Kwenye simu nasikia fyuuuuu, mshale ukiwa njiani unakuja. Sio mishale yote, mitatu minne hivi. Hiyo nayo ni upinde?

BabaPodo

Marahaba mwanangu, kazi nzuri sana hiyo, nimefurahi.

Fyuuu hiyo sio upinde, ni mshale wenyewe unaongea na upepo. Chukua hiyo inayolia na isiyolia uiweke sambamba mezani uangalie manyoya. Kwanza yote matatu ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, yote ya kushoto au yote ya kulia, kwa sababu unyoya una mpindo wake wa asili na ukichanganya mshale unasita angani haujui uzunguke wapi. Pili urefu wa kusimama, ukiona unyoya umesimama zaidi ya sentimita moja na nusu punguza kwa mkasi, fanya mteremko mbele uanze chini kabisa upande taratibu kwenda nyuma. Pale mbele unyoya unapoanzia funga kwa uzi au kano na ulainishe kwa gundi kusiwe na ukingo uliosimama, ukingo mdogo tu pale ndio filimbi. Na unyoya uliochanika ukabaki na mapengo nao unapiga mluzi, upitishe juu ya mvuke wa sufuria alafu ulainishe kwa vidole, mapengo yakigoma kuziba weka mwingine.

Alafu angalia chuma. Msumari uliofuliwa ukiwa na vinundu au mabonde ya nyundo hewa inakwama humo inapiga mluzi, usugue kwa msasa uwe laini mpaka pale unapoingia kwenye mti.

DadaWaNgozi

Na podo kaka usilisahau. Mishale inagongana ukitembea, ko ko ko, kanga ameshaondoka kabla hujautoa upinde begani. Weka sufi au nyasi kavu chini ya podo na kitambaa kizito mdomoni ili kila mshale ushikwe. Kama ni podo la ngozi ngumu nalo lenyewe linasugua nguoni linapiga kelele, lipake mafuta.

KwaleWaKongwa

Dah nimejifunza, ya kwangu kesho napima gramu mishale yote. Baba Podo swali, mimi upinde wangu huwa unakaa na kamba usiku na mchana ili uwe tayari tayari, ni sawa?

BabaPodo

Hapana ndugu yangu, toa kamba ukimaliza kupiga, mti ukikaa umepinda siku nzima unaishiwa na kilo zako zinashuka, na kilo zikishuka hesabu yote ya uzito wa mshale inabadilika. Ulaze kwenye misumari miwili ukutani ndani ya nyumba, mbali na jiko na mbali na bati, usiuegemeze kwenye kona. Kiangazi hewa ya kwetu inakausha mti mpaka unapasuka kwenye ncha, kila baada ya wiki kadhaa upake mafuta ya kondoo au ya ng'ombe uyasugue yaingie. Mvua za kwanza zikishuka mwezi wa 12 pima upya umbali wa kamba na kijiti chako kabla hujapiga mshale wowote, hasa kama kamba yako ni ya kano, maana kano ikipata unyevu inalegea na utairudisha mahali pake kwa kuisokota mara moja au mbili tu.